Difu Haiongezi Nguvu

Ukikaa na vijana wanaopenda magari ya zamani, hutamaliza saa moja kabla ya mtu kusema, "Wee badilisha difu tu, hiyo gari itatoka kama risasi." Inasemwa kirahisi, kana kwamba kuna nguvu za ziada zilizofichwa kule nyuma katikati ya magurudumu, zinangoja mtu mwenye spana.

Sisi tuna Toyota Corolla DX ya injini ya mbele na eksili ya nyuma, giaboksi ya gia nne. Baba alituachia sisi wawili, mimi na kaka yangu. Hakusema nani ni dereva na nani ni abiria. Kaka huliingiza kwenye otokrosi Jumapili, pale uwanja wa vumbi ambapo gari linatoka kona moja na kuingia nyingine. Mimi hulipeleka Nairobi nikipata kazi ya kuandika inayodai nionekane uso kwa uso, kisha mara moja kwa mwezi nampeleka mama kwao, kupita Mau Summit hadi Timboroa. Kwa hivyo kaka alipokuja na habari za kubadilisha reshio ya difu, mjadala haukuwa wa vyuma tu. Ulikuwa wa gari hili ni la nani.

Kwanza ilibidi tujue tuko na nini. Fundi wetu hapa Nakuru hakufungua chochote. Aliinua nyuma kwa jeki, akaweka stendi, gia ikiwa nyutro, akachora alama ya chaki kwenye propela na nyingine kwenye tairi. Kaka akashikilia gurudumu moja lisisonge, mimi nikazungusha lile lingine mara mbili kamili, fundi akihesabu propela. Ni mara mbili kwa sababu gurudumu moja likikaa tuli, lile lingine linafanya kazi ya yote mawili. Propela ilizunguka karibu mara nne kasoro kidogo. "Tatu nukta tisa," akasema. "Krauni meno 43, pinioni meno 11."

Gawanya mwenyewe, utapata 3.909. Maana yake ni kwamba propela lazima izunguke karibu mara 3.9 ili tairi izunguke mara moja. Nilikuwa najiuliza kwa nini watengenezaji wasiweke tu 4 kamili, meno 40 kwa 10, hesabu iishe. Fundi alinieleza: ukifanya hivyo, jino moja la pinioni litakutana na meno yale yale manne ya krauni maisha yake yote. Likiwa na kasoro, litayatafuna hayo hayo. Lakini kwa 43 na 11, kila jino hukutana na kila jino, na kuchakaa kunagawanywa sawa.

Mezani kulikuwa na chaguo mbili nyingine: 4.3, yaani meno 43 kwa 10, na 4.778, meno 43 kwa 9. Kaka alitaka hiyo ya mwisho bila hata kusikia bei.

Hoja yake ilikuwa na uzito. Chukua gia ya kwanza yenye reshio ya 3.5. Ukiizidisha na 3.909 unapata karibu 13.7. Ukiizidisha na 4.3 unapata 15. Msukumo ule ule wa injini unafika kwenye tairi ukiwa umeongezwa kwa asilimia 10, na ongezeko hilo liko kwenye kila gia. Kwa 4.778 ni asilimia 22. Gari linaondoka upesi, na likitoka kona halisitisiti.

Lakini difu haiongezi nguvu. Injini ni ile ile ya jana. Unachofanya ni kubadilishana: unachukua msukumo, unalipa kwa mizunguko. Tairi zetu ni 175/70 za inchi 13, ambazo mzunguko mmoja ni kama mita 1.8. Ukienda kilomita 100 kwa saa, tairi inazunguka kama mara 920 kwa dakika. Na kwa kuwa gia yetu ya nne ni moja kwa moja, injini inazunguka mara 3,600 kwa difu tuliyokuwa nayo, karibu 3,970 kwa 4.3, na 4,400 kwa 4.778. Hatuna gia ya tano ya kupumzikia. Hiyo 4,400 ndiyo ningeishi nayo kutoka Nakuru hadi Nairobi, kilomita 160, injini ikilia na mafuta yakienda.

Halafu kuna jambo ambalo kaka hakulipenda: tairi ina kikomo chake. Juu ya vumbi, msukumo ukizidi mshiko, tairi inachimba tu hapo hapo. Kelele nyingi, vumbi jingi, safari hakuna.

Nilidhani nimeshinda, gari libaki na 3.9. Fundi akanigeukia. "Na wewe kijana, ukipanda Timboroa nyuma ya lori, unapita na nini?"

Hapo sikuwa na jibu la haraka. Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hivyo kule juu robo ya nguvu imebaki bondeni. Unashuka gia ya tatu, unatoka kwenye mstari, na kuna gari linakuja. Mama ameketi kando yako, ameshika mkanda, hasemi kitu. Zile sekunde mbili za kumaliza kulipita lori si za mashindano. Ni za kufika.

Tukachukua 4.3. Fundi alichomoa shafti za pembeni, akafungua propela, akatoa kichwa chote cha difu na kuweka kingine. Kabla ya kufunga alipaka rangi kwenye meno ya krauni, akaizungusha, akaangalia alama imekaa katikati ya jino. Alisema ikikaa kando, difu italia hadi ife.

Kaka bado anasema 4.778 ingemfaa zaidi, na kwa Jumapili zake ni kweli. Mimi bado nasikia zile 370 za ziada barabara ya Naivasha. Kila mmoja ana lalamiko lake na kila mmoja ana gari.

Kilichobaki ni spidi mita. Kebo yake inatoka kwenye giaboksi, na giaboksi haina habari kwamba difu imebadilika, kwa hivyo tukienda 100 yenyewe inaonyesha 110. Nimemweleza mama hesabu hii mara mbili. Ananisikiliza vizuri, anaangalia mshale, kisha ananiambia, "Mwanangu, hata kama. Punguza."

Nami napunguza.