Gharama Hutangulia

Msimu wa 2023 wa wanawake wanaocheza gofu ya kulipwa katika ziara ya Ulaya ulianzia kwetu. Wiki ya kwanza ya Februari walikuwa Vipingo, Kaunti ya Kilifi. Ya pili Rabat, Moroko. Ya tatu Saudia, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu. Ukiisoma ratiba hiyo juujuu utadhani ni watu wanaotembezwa dunia. Kumbe hawana mwajiri wa kuwakatia tiketi. Kila mmoja anajilipia nauli, malazi, chakula na kedi wa kumbebea begi, pamoja na uzito wa ziada wa begi la fimbo kila anapofika uwanja wa ndege. Hayo yote hutoka mfukoni kabla mpira haujapigwa. Kisha zinachezwa siku mbili, na baada ya mashimo 36 unapita mchujo: 60 bora na waliolingana nao kwa alama wanaendelea, wengine wanafunga mizigo. Kwa kawaida aliyechujwa hapati kitu.

Haya niliyajua kwa kubeba begi. Wiki ile ya Vipingo makedi walihitajika wengi, maana wachezaji wasio na uwezo wa kusafiri na kedi wao hutafuta mtu hukohuko wanakofika. Kaka yangu anaifanya kazi hiyo, na ndiye aliyenifundisha mchezo. Akanipeleka kwa dada mmoja kutoka Ulaya ya kaskazini, mpole, mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi wa safari.

Kitu cha kwanza kilichonivutia kilikuwa mikono yake. Wa kushoto, unaovaa glavu, ulikuwa mweupe kama haujawahi kuona jua. Wa kulia ulikuwa umeungua hadi umebadilika rangi, na vidole vina sugu kama vya mtu anayelima. Begi lake lilipangwa kwa namna ambayo angeweza kutoa kitu chochote gizani: mipira mfuko huu, mafuta ya jua ule, koti la mvua chini kabisa. Kwenye mfuko wa pembeni mlikuwa na bahasha ya risiti. Teksi, maji ya chupa, kufua nguo, kila kitu. Jioni aliziandika kwenye daftari kabla ya kula.

Aliniuliza habari za upepo. Februari kwetu ni kaskazi, na uwanja wa Vipingo umekaa juu ya mgongo wa ardhi unaotazama bahari, mibuyu imesimama huku na huku, hakuna cha kuukinga. Asubuhi kaskazi huwa na adabu, lakini mchana ni mwingine. Nilimweleza hivyo, na Jumatano nzima akawa anazunguka na penseli, akiandika kando ya kila shimo neno langu kuhusu upepo. Mtu aliyecheza nchi nyingi ananisikiliza mimi, mwenyeji wa Takaungu, kwa sababu mimi ndiye ninayelijua eneo. Sijasahau heshima ile.

Ijumaa alichujwa kwa mkwaju mmoja. Mpira wa mwisho uliizunguka midomo ya shimo ukatoka. Alivua kofia, akampa mkono kila aliyecheza naye, akaihakiki kadi ya alama mstari kwa mstari, akaitia sahihi. Kisha akanilipa. Alinilipa kiasi tulichokubaliana, chote, noti zimekunjwa vizuri ndani ya bahasha iliyokuwa imeandaliwa tangu Jumatatu. Mimi nilijua yeye hakupata hata senti. Nikataka kumwambia apunguze, lakini niliona kwamba ningemvunjia heshima.

Baada ya hapo akaniomba kama nina nafasi nimsindikize grini ya mazoezi. Tulikaa huko hadi jua likaanza kushuka. Alikuwa akisukuma mpira ule ule, umbali ule ule uliomtoa, mimi nikiuokota na kumrudishia. Katikati simu ikalia: wenzake wawili walikuwa wamepata chumba Rabat na walitaka mtu wa tatu wa kugawana kodi. Akakubali palepale, akauliza kama kuna ndege ya mapema iliyo rahisi, akarudi kwenye mpira wake.

Baba yangu alikuwa mvuvi. Mafuta ya mashine, barafu na chambo vilinunuliwa jioni, wakati mwingine kwa deni. Samaki walikuwa majaliwa. Alipoingia mikono mitupu alifanya vilevile alivyofanya siku ya neema: aliosha chombo, akawalipa vijana wake, akakagua nyavu. Nikiwa mtoto nilidhani ni ukali. Nilipomwona dada yule Ijumaa ile, ndipo nilipomwelewa mzee wangu. Kama malipo yako hayana uhakika, kazi yenyewe ndiyo pekee iliyo mikononi mwako, na namna unavyoitenda siku ya hasara ndiyo inayowafanya watu wakubali kufuatana nawe tena.

Mshindi wa Vipingo mwaka ule alikuwa Aditi Ashok wa India. Wengi waliona kombe. Mimi nilikumbuka kwamba mwaka 2019, mashindano yale yalipochezwa kwa mara ya kwanza, alimaliza wa pili, mkwaju mmoja nyuma ya Esther Henseleit wa Ujerumani. Alirudi mahali palepale palipomuumiza. Wiki mbili baada ya ushindi wake alikuwa Saudia, na huko tena akawa wa pili kwa mkwaju mmoja, nyuma ya Lydia Ko. Kinachonigusa zaidi kwake ni wazazi: kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 baba ndiye aliyembebea begi, na kwenye ile ya Tokyo, alipomaliza wa nne, alikuwa mama. Familia nzima imeingia njiani pamoja na mtoto.

Wapo waliolipa gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti. Althea Gibson, bingwa wa tenisi wa Wimbledon mwaka 1957 na 1958, alijiunga na ziara ya gofu ya wanawake ya Marekani mwaka 1964, mwanamke mweusi wa kwanza. Alikuwa akiendesha gari mwenyewe mji hadi mji, na kuna klabu zilizomruhusu kucheza uwanjani lakini zikamfungia mlango wa jengo, basi akawa anabadilisha viatu garini. Nikifikiria kwamba alitoka garini humo akaenda kushindana na waliovalia ndani, kwenye makabati na vioo, nashikwa na hasira na fahari kwa pamoja.

Na akina mama je? Swali la kwanza wanaloulizwa wasichana wetu wakitaka maisha haya ni nani atalea watoto. Ni swali la haki, ila huulizwa kana kwamba halina jibu. Ziara ya Marekani ilianzisha mwaka 1993 kituo cha kulelea watoto kinachohama na mashindano, mji hadi mji. Catriona Matthew wa Scotland alishinda British Open ya wanawake mwaka 2009, wiki 11 tu baada ya kujifungua mtoto wa pili. Jibu lipo pale watu walipoamua kulitafuta.

Kwetu Rose Naliaka alikuwa Mkenya wa kwanza mwanamke kuingia gofu ya kulipwa, kisha akageuka kuwafundisha wasichana wadogo. Mtu anayefungua njia peke yake angeweza kupumzika, na hakuna ambaye angemlaumu. Namheshimu kwa kuwa aliwarudia watoto.

Nina mpwa wangu, binti wa kaka yule kedi. Anacheza ridhaa, na mwaka jana alialikwa Uganda. Katika kikao cha familia wakubwa waliuliza, kwa nia njema kabisa, kama ana hakika ya kushinda, ndipo wachange. Mimi nilimwambia kaka, "Baba alipokwenda baharini, mama hakumwuliza atarudi na samaki wangapi, alimfungia chakula." Tukachanga nauli ya basi na pesa za malazi. Nilimnunulia pia daftari na bahasha ya risiti, nikamwonyesha jinsi ya kuziandika kila jioni.

Alimaliza katikati ya orodha. Aliporudi alinikabidhi bahasha, risiti zote zimepangwa kwa tarehe, na chenji ndani yake. Juzi amenitumia ratiba ya mashindano mengine. Nauli nimeshaanza kuiweka.