Homa ya Mwenye Kisukari

Huku kwetu Mulungwishi, mtu akianza kutetemeka kwa homa, twasema mara moja: malaria. Vidonge hununuliwa, mgonjwa hufunikwa blanketi, watu wakangoja atoke jasho. Mara nyingi hatukosei, maana mbu hawapungui. Lakini katika nyumba yenye mgonjwa wa kisukari, kungoja namna hiyo kwaweza kuua.

Sukari ikizidi katika damu, nyingine hutoka katika mkojo, na nguvu ya mwili ya kupigana na vijidudu hupungua. Tena kisukari cha miaka mingi hutia kibofu ganzi, mkojo usiishe wote. Vijidudu huzaana humo, wakapanda hadi mafigo. Ndipo mgonjwa huumwa ubavuni karibu na mgongo, hutapika, huungua kwa homa. Na pengine, ingawa si mara nyingi, vijidudu hula sukari wakatoa hewa ndani ya figo lenyewe, kama munkoyo uchachavyo mtungini. Madaktari Kelly na MacCallum wa Marekani waliandika habari zake mwaka 1898. Wengi wa wapatwao wana kisukari, na wanawake huwapita wanaume. Zamani figo liliondolewa; siku hizi mara nyingi hupitishwa mrija mgongoni kutoa usaha na hewa, pamoja na dawa kali za mshipani.

Mama mkubwa wetu alishikwa na homa wakati wa mvua. Alitaka chai na kulala tu. Nauli ya Likasi aliihurumia kuliko mgongo wake. Mjomba hakubishana naye, alikwenda barabarani kusimamisha gari. Kufika hospitalini, kipimo kikaonyesha malaria kweli! Mama mkubwa alifurahi kwa kushinda. Lakini muuguzi mmoja, Mungu ambariki, alipima na mkojo, akakuta usaha. Magonjwa yalikuwa mawili, na lile la figo ndilo lililomlaza siku 12.

Tena alikuwa ameacha sindano ya insulini siku mbili, kwa kuwa hakula. Wengi hufanya hivyo. Kumbe homa yenyewe hupandisha sukari, hata tumbo likiwa tupu. Kiasi cha dawa ni shauri la daktari. Kuiacha bila kumwuliza ni hatari. Basi mgonjwa wa namna hii apelekwe siku ile ile, na mwenye kumsindikiza aseme mlangoni, kabla hajaulizwa, kwamba ana kisukari.