Betri Mbili za Fuso

Alfajiri moja ya Julai, upepo ukivuma kutoka upande wa Ziwa Kindai hapa Singida, nilipiga starta ya Fuso yangu ikajibu mlio mmoja tu: tak. Kisha kimya. Magunia ya alizeti yalishapakiwa tangu jana yake, mwenye mzigo ananipigia simu, utingo amejikunyata ndani ya koti. Lori lenye mzigo halisukumwi na watu watatu. Tukamwomba jirani asogeze lake, tukaunga waya, tukabusti. Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule.

Niliilaumu baridi. Fundi umeme ninayemtegemea, mzee wa makamo asiyependa maneno mengi, alifungua vifuniko vya betri, akazamisha haidromita chumba kimoja baada ya kingine, akatikisa kichwa. "Baridi haijaua kitu hapa," alisema. "Imekuonyesha tu kilichoanza kufa."

Nilikuja kumwelewa taratibu. Singida iko juu, mita kama 1,500 kutoka usawa wa bahari, lakini baridi yake haigandishi maji. Huko Canada, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, betri hubakiwa na nusu hivi ya uwezo wake. Yangu ilipunguziwa kidogo, na oili ya injini ikawa nzito kidogo. Kidogo hicho kilitosha kunilaza barabarani kwa sababu akiba haikuwepo. Mzigo ukikosekana lori langu hulala wiki mbili, hata tatu, na betri huvuja chaji yenyewe polepole bila kuguswa. Ikijaa husoma volti 12.6, ikisoma 12 imebaki robo. Ukiiacha hapo, chumvi nyeupe ya salfeti hujijenga juu ya mabamba ya risasi. Siku za mwanzo chaji huiondoa. Miezi ikipita hugeuka kama ukoko, na hakuna chaji inayoutoa. Ndivyo ilivyo tangu Mfaransa Gaston Planté alipobuni betri ya namna hii mwaka 1859. Mimi nilikuwa naogopa kuichosha betri kwa kazi, kumbe inaliwa ikiwa imelala.

Dawa aliyonipa ilikuwa ndani ya boksi chini ya meza yake: seli za sola zilizovunjika. Nilidhani ni takataka. Alichukua kipande cha upana wa vidole viwili, akakiweka juani, akagusisha mita. Nusu volti. Akachukua seli nzima. Nusu volti ile ile! Kipande hupungukiwa ampea, volti yake haipungui. Nilikishika kipande kile muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tulichagua vipande vilivyolingana, kwa sababu vikiungwa mfululizo kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachopanga mkondo wa wote. Vipande 36 huzaa kama volti 18 jua likiwaka, zinazotosha kusukuma chaji ndani ya betri ya volti 12. Fuso hutumia volti 24, betri mbili zilizofuatana, basi tukatengeneza paneli mbili, kila betri na yake. Nililehemu mwenyewe, na vipande vinne vya kwanza vilipasuka mkononi mwangu. Nilijipa moyo nikikumbuka kina mama wanaofundishwa umeme wa jua pale Kinyasini, Unguja, wengi wao wakiwa hawakusoma sana. Kioo kilitoka kwenye dirisha la zamani, fremu ni mbao ya mninga, kingo tukaziba kwa silikoni. Kila paneli ikawekewa dayodi, ili usiku umeme usirudi ulikotoka.

Paneli za dukani zipo, na bei yake imeshuka sana. Simshauri mtu asinunue. Lakini ningenunua nisingejua kwamba kivuli cha jani moja juu ya kipande kimoja hukaba safu nzima. Wala nisingejua kuwa Juni na Julai jua letu hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo paneli iinamie huko. Na lililonishangaza kuliko yote: seli hufanya kazi vizuri zaidi zikiwa za baridi. Upepo ule ule niliokuwa naulaani, pamoja na anga la kiangazi lisilo na wingu, ndio unaozipa nguvu.

Kila paneli hutoa umeme usiofika ampea moja. Haiwezi kuwasha hata starta ya pikipiki. Lakini huutoa kila siku, na betri haijashuka tena.

Nilikuwa nafuta vumbi kwenye vioo siku moja nilipomkumbuka baba. Aliendesha malori miaka thelathini. Mlima Sekenke anaujua kona kwa kona tangu haujawekwa lami. Alipostaafu alirudi Kiomboi, akakaa barazani. Sisi watoto tulisema apumzike, amefanya kazi mno. Nilikwenda kwake alipougua, nikiwa na fedha nyingi na haraka nyingi, kisha nikapotea miezi hadi augue tena. Nilijiona mtoto mwema. Kwa kweli nilikuwa nambusti baba yangu, halafu naondoka na waya zangu. Katikati ya safari hizo kulikuwa na siku nyingi ambazo hakuna mtu aliyemuuliza lolote analolijua, na kila nilipofika nilimkuta amepunguza maneno.

Nilimpigia siku ile ile, sikuwa na shida wala habari. Nikamweleza juu ya paneli. Akanyamaza, kisha akauliza waya nimetumia wa unene gani. Nikamtajia. Akasema mwembamba, badilisha. Tukaongea dakika arobaini.

Sasa ni desturi. Saa moja asubuhi, kabla sijagusa ufunguo wa lori, napima betri zote mbili na simu inaita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Zimesoma ngapi?"

"Ya kulia kumi na mbili nukta sita. Ya kushoto nukta nne."

"Upepo umevuma usiku?"

"Sana."

"Basi futa vumbi hiyo ya kushoto. Kesho uniambie."