Siku Nilipoacha Naftalini

Nilikuwa mtu wa naftalini. Nilitunza mimea iliyokaushwa katika chuo kimoja hapa Machakos, na kila Desemba nilijaza vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu kwenye makabati ya mbao, nikafunga mlango, nikaenda zangu. Januari kichwa kiliniuma. Nikasema ni jua.

Siku moja mwanafunzi akaja kuulizia kielelezo cha mti wa muuku kutoka vilima vya Iveti, kilichochumwa kabla sijazaliwa. Nikafungua jalada. Lebo ilikuwa nzima: tarehe, mlima, hata jina la Kikamba kwa wino. Chini yake palikuwa na kijiti na unga wa rangi ya ugoro. Nilipousogeza kwa kidole, ukatembea. Mbawakawa wa tumbaku, mdogo kuliko punje ya mtama.

"Mwalimu, huu ndio muuku wenyewe?"

Nilijifanya natafuta miwani.

Aliyenionyesha njia nyingine ni mwenzangu wa kazi Nairobi, mji ambako Hebaria ya Afrika Mashariki ilihamia mwaka 1950 ikitoka Amani, Tanga, na sasa ina karatasi za mimea takriban milioni moja. Alicheka vidonge vyangu. Ununue friza, akasema.

Basi siku hizi kila furushi linafungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, linalala wiki nzima kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Wadudu wanakufa, na mayai yao. Likitoka haliguswi mpaka kesho yake. Ukifungua likiwa bado baridi, unyevu wa hewa unatua kwenye karatasi, nawe umejialikia ukungu. Stima ikipotea, na hapa hupotea, naanza kuhesabu siku upya. Wenzangu wamekatazwa kuweka soda kwenye friza hiyo, ingawa si wote wanaosikia.

Glavu nazo nimezikubali. Wazee wetu wa fani hii walipaka mimea zebaki, na zebaki haiondoki. Ukiona doa la kijivu kuzunguka jani kuukuu, usilipapase ukaenda kula chapati. Mimi nililipapasa miaka.

Makabati sasa ni ya chuma, na kila karatasi inapigwa picha kabla ya kurudishwa.

Ule unga wa muuku sikuutupa. Niliugandisha kwanza, nikautia kwenye bahasha ndogo, nikaibandika pembeni mwa lebo. Wanaopima vinasaba huhitaji kipande kidogo tu, na huenda humo kimebaki cha kuwatosha.