Mtoto akibanwa Tassia, nani ana ufunguo?

UKITAKA kufika Tassia kutoka katikati ya jiji la Nairobi, mpenzi msomaji, panda matatu inayofuata Jogoo Road kisha ikapinda na kuingia Outering. Mtaa huu uko upande wa Embakasi, jirani na Fedha, si mbali na makutano ambayo wengi wangali wanayaita Taj Mall. Jumba lenyewe halipo tena. Lilibomolewa Septemba 2018, likiwa limekwisha badilishwa jina na kuitwa Airgate Centre. Tingatinga liliangusha kuta lakini jina likabaki midomoni mwa makanga.

Ukishaiacha barabara kuu na kuingia ndani, kitakachovuta macho yako kwanza ni majumba ya orofa. Yamesimama bega kwa bega, orofa tano, sita, saba, na baina ya jumba na jumba kuna uchochoro ambao watu wawili hupishana kwa kuombana radhi. Huko juu nguo zimeanikwa hata anga haionekani vizuri. Chini ni biashara tupu: kinyozi, saluni, duka la M-Pesa, kibanda cha mama mboga, sufuria ya maharagwe inayotokota kando ya chapati.

Sasa tazama tena, utafute kisichokuwepo. Ua hakuna. Mti wa kujificha nyuma yake ni nadra. Kichaka usiulize. Kila futi ya ploti imejengwa.

Leo basi hatuzungumzii kodi ya nyumba wala tope la mwezi wa Aprili. Tunazungumzia jambo ambalo kila mzazi analijua na wachache hulitaja mezani. Mtoto wa miaka miwili aliyeachishwa nepi juzi, akibanwa na haja akiwa njiani, aende wapi? Na ni adabu gani inayompasa mzazi wake, mwenye duka na mpita njia?

Usidhani, msomaji, kwamba kumfunza mtoto kwenda haja ni elimu iliyotufikia kwa vitabu vya Wazungu. Mwaka wa 1977, watafiti Marten na Rachel deVries walichapisha katika jarida la Pediatrics la Marekani taarifa kuhusu Wadigo wa Pwani ya Kenya. Waliona kwamba mama Mdigo alianza kumfunza mwanawe katika wiki za kwanza za maisha yake. Aliketi chini, miguu ameinyoosha, mtoto akiwa katikati ya miguu hiyo na uso wake umeelekea mbele, kisha akatoa sauti ya kumwita mkojo. Mtoto akiitikia, alinyonyeshwa au akabembelezwa. Kufikia miezi mitano au sita, mtoto alitarajiwa kutojikojolea, si mchana si usiku.

Miaka 15 kabla ya hapo, mwaka wa 1962, daktari Mmarekani T. Berry Brazelton alikuwa ameandika katika jarida hilo hilo kuhusu watoto 1,170. Shauri lake lilikuwa kinyume kabisa: mngoje mtoto aonyeshe dalili za kuwa tayari, yapata miezi 18, na usimlazimishe. Watoto hao waliacha kujichafua mchana wakiwa na wastani wa miezi 28 na nusu.

Nani alisema kweli? Wote wawili, kila mmoja kwake. Mama Mdigo alikuwa na mtoto mwilini karibu saa zote, na jamaa wa kumpokea alipochoka. Aliziona dalili kabla mtoto hajalia. Mama wa Marekani alikuwa na mashine ya kufulia, na kutoka mwaka wa 1961, nepi za kutupa za Pampers zilianza kuuzwa madukani.

Mama wa Tassia hana cha huyu wala cha yule. Huondoka alfajiri kwenda kazini Industrial Area au mjini, mtoto akabaki na yaya, au na mama jirani anayelea watoto kadhaa katika chumba kimoja na poti moja. Nepi za kutupa huuzwa moja moja dukani kama sigara, na mwisho wa mwezi ukiwa mbali, mtoto huvuliwa nepi si kwa sababu yuko tayari bali kwa sababu mfuko umekauka. Hivyo mafunzo ambayo kwingineko hufanywa nyuma ya nyumba, hapa hufanyiwa kwenye ngazi, sokoni na ndani ya matatu, mbele ya macho ya watu. Ndiyo maana adabu yake haiwezi kuwa ya mama peke yake.

Tuanze na ngazi. Chumba ni kimoja, jiko liko hapa, kitanda pale, na baba mwenye zamu ya usiku amelala. Poti inatolewa nje ya mlango, penye baraza ya kupitia. Si vibaya. Vibaya ni mtoto kumaliza na poti ikaachwa pale hadi jirani wa orofa ya juu aipige teke akikimbilia kazi. Vibaya zaidi ni kumwaga yaliyomo kwenye mtaro wa maji ya mvua, eti ni kinyesi cha mtoto, ni maziwa tu.

Si maziwa tu, msomaji. Kinyesi cha mtoto hubeba vijidudu vya kuhara kama cha mtu mzima, na mara nyingi kuliko cha mtu mzima, kwa kuwa watoto ndio wanaoambukizwa zaidi. Mnamo Machi 2018, sampuli ya maji taka iliyochukuliwa Kamukunji, huku huku Eastlands, ilipatikana na virusi vya polio vya aina ya pili vilivyotokana na chanjo, na serikali ikalazimika kuandaa kampeni ya kuchanja watoto. Virusi hivyo husafiri katika kinyesi. Havijui kama aliyekitoa ana miaka miwili au arobaini. Basi poti humwagwa chooni, ikaoshwa, na mikono miwili, ya mtoto na ya aliyemshika, ikaoshwa kwa sabuni. Tunajua maji ya Tassia hupotea siku nzima na kununuliwa kwa mitungi. Ndiyo sababu wazazi wenye busara huweka nusu mtungi kando, wala hauguswi hata kwa chai.

Tushuke sasa hadi kwenye maduka. Ni saa kumi na moja jioni, mama ananunua sukuma wiki, na mtoto anaanza kubana magoti. Kila anayelea anaijua ngoma hiyo. Nyuma ya maduka kuna choo kimoja cha wapangaji wote wa chini, kimefungwa kwa kufuli, na ufunguo umefungwa kwenye kipande cha mti ili usitiwe mfukoni ukapotea. Ufunguo huo unaning'inia saluni.

"Dada, niazime ufunguo, mtoto ameshikwa."

"Ni haja ndogo ama kubwa?"

"Hata sijui, dada yangu. Ni mtoto."

Mazungumzo kama hayo ndiyo hukata shauri kama mtoto atajifunza au atajichafua. Mwenye saluni naye ana sababu ya kusita. Yeye huchangia pesa za kusafisha choo hicho, na huenda mgeni wa jana alikiacha hakitazamiki. Kwa hiyo anayeomba anapaswa kuingia na mtoto, si kumsukuma aende peke yake. Akague sakafu baada ya kumaliza, amwage maji, arudishe ufunguo mkononi, si kuutupa mezani, na ashukuru. Ikiwa kuna ada, ailipe bila kunung'unika. Anayeombwa naye atoe ufunguo kwanza, maswali baadaye. Mtu mzima aweza kuambiwa subiri kidogo. Mtoto wa miaka miwili huhisi haja ikiwa tayari iko mlangoni.

Na je, pasipo na choo? Hapa ndipo tabia yetu moja inahitaji kusemwa. Mvulana huelekezwa ukutani mchana kweupe na watu wakapita wakicheka. Msichana hufichwa, hukaripiwa, huambiwa avumilie. Ukuta ni wa mtu, na chini yake ni njia ya wote. Kama ni aibu kwa msichana, ni aibu kwa mvulana pia. Na kama ni dharura kwa mvulana, basi ni dharura kwa msichana. Wote wawili wastirike kwa leso, na kitakachotoka kibebwe.

Kibebwe na nini? Zamani jibu lilikuwa karatasi ya plastiki, ile nyeusi ya sokoni, na sote tunajua nyingine zilitupwa wapi. Tangu Agosti 28, 2017, mifuko hiyo ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya. Siku hizi mzazi aliyejipanga hutia mkobani mkebe mtupu wa Kimbo wenye kifuniko, chupa ya maji, kipande cha sabuni, suruali ya akiba na kitambaa. Mkebe ule ndio poti ya safari. Mtoto akimaliza hufunikwa ukatulia, na nyumbani humwagwa chooni.

Mkebe huo utakufaa hasa ndani ya matatu. Kwenye msongamano wa Outering, mwendo wa dakika kumi huweza kula saa nzima. Mpeleke mtoto haja kabla ya kupanda, hata akisema hana. Ukiona dalili, mwambie makanga mapema, kwa sauti ya heshima, si pale mambo yamekwisha haribika. Makanga mwenye utu atatafuta mahali salama pa kusimama kituoni; asikuteremshe ukingoni mwa magari. Na wewe uliyeketi kiti cha nyuma, usifunge pua kwa vishindo wala usiulize mama huyu alitoka kwao vipi. Nawe pia uliwahi kuwa na miaka miwili.

Hilo latuleta kwenye jambo lililo zito kuliko harufu. Mtoto anayechekwa au kuchapwa hadharani kwa kujichafua hajifunzi usafi, hujifunza woga. Huanza kujizuia. Choo kikikaa tumboni hukauka, kikitoka humuuma, na maumivu hayo humfanya ajizuie zaidi kesho. Mzazi huona ukaidi mahali penye maumivu. Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na waliposema hivyo hawakusema umleavyo nyumbani tu. Kofi la kwenye ngazi, mbele ya majirani wa orofa tatu, nalo ni malezi.

Tusimwachie mama lawama zote. Tassia iliota kwenye ardhi ya Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, na nyumba zilisimama kabla ya huduma kufika. Mapema mwaka wa 2014 mtaa huu ulivuma magazetini wakati mradi wa NSSF wa takriban Sh5 bilioni wa kuweka barabara, maji na mabomba ya maji taka katika Tassia II ulipozua mzozo mkubwa. Wakubwa walibishana kuhusu mabilioni. Chini, mama alikuwa akitafuta mahali pa kumwaga poti. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na viwango vya kuridhisha vya usafi. Hakikusema kila mtu mzima. Mwenye jumba anayepangisha vyumba kumi vya biashara na kuweka choo kimoja chenye kufuli anapaswa kukisoma kifungu hicho polepole.

Lakini wakati tunawangoja wenye mabomba na wenye majumba, watoto hawangoji. Kuna mambo ambayo hayahitaji kandarasi. Mlezi wa watoto anaweza kuweka saa za poti: baada ya uji, baada ya chakula, baada ya usingizi. Wenye maduka wa ploti moja wanaweza kukubaliana kwamba mtoto hanyimwi ufunguo, na wakaweka ndoo ya maji na sabuni karibu. Makanisa yanayokodisha kumbi za orofani yanaweza kuwatengea watoto poti mbili mahali pa faragha, ili mama asikose nusu ya ibada akizunguka na mtoto anayelia.

Ukizuru Tassia, msomaji, utaona mengi ya kulalamikia, na wenyeji watakuongezea mengine. Ila tazama pia pale nyuma ya maduka. Ukimwona mama mboga akiacha mizani yake, akimshika mkono mtoto asiye wake na kumpeleka mbio mlango wa nyuma huku mama wa mtoto akilinda nyanya, ujue hapo mtaa unalea. Nawe siku ukishika ufunguo wenye kipande cha mti, usiuning'inize juu mno.