Mngurumo Bila Nguvu

Mtahiniwa, huenda umewaona vijana wakifunga chujio la hewa la umbo la pia kwenye magari yao ili yangurume. Nami nilikuwa mmoja wao. Kwa akiba niliyokuwa nimeweka ya kununua matairi, nilimwambia fundi aondoe kasha la plastiki lililokuja na gari, afunge chujio jekundu lililo wazi chini ya boneti. Lo! Gari likanguruma, watu wakageuka.

Siku moja, nikipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, nilitambaa nyuma ya lori karibu nusu saa. Nilipopata nafasi ya kulipita, nilikanyaga mafuta. Mngurumo ulikuja, nguvu hazikuja. Mbele yangu, basi lilikuwa likishuka kasi. Nilirudi nyuma ya lori mikono ikitetemeka.

Ndugu yangu mdogo, wakati huo kidato cha nne kama wewe, ndiye aliyenionyesha kosa. Kasha la awali lilivuta hewa ya nje, tuseme nyuzi 27, yaani kelvini 300. (Usisahau kujumlisha 273, mimi nilisahau.) Chujio jipya lilivuta hewa iliyopashwa na injini yenyewe. Ikifika nyuzi 60, hizo ni kelvini 333. Gawanya 300 kwa 333: kanieneo ikiwa ile ile, ujazo ule ule hubeba takribani asilimia 90 tu ya hewa ya kwanza. Oksijeni ikipungua, petroli inayoungua hupungua pia.

Nilimrudia fundi. Kasha langu alikuwa ameshaliuza.