Hesabu iliyonifanya nimwombe mtoto msamaha



Ndugu wazazi na wanafunzi, leo sitazungumzia fiq-hi wala tajwidi. Nataka niwasimulie jambo lililonipata mimi mwenyewe, huenda likamfaa mzazi, mwalimu au mwanafunzi wa chuo anayehangaika na kazi ya utafiti.

Mimi nafundisha madrasa hapa Arua, na mwisho wa wiki hupanda taxi kwenda Koboko, safari ya kilomita hamsini na kitu, kusaidia darasa la huko. Baada ya mtihani wa hifdhi, wazee wa kamati ya Koboko waliniuliza: kwa nini watoto wengine wanabaki nyuma? Mmoja akasema ni umbali, mwingine akasema ni utoro. Mimi nikasema ni uvivu. Na nilikuwa na mtu kichwani, kijana mmoja ambaye nilikuwa nimeshamwita mvivu mbele ya wenzake.

Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu akaniambia: "Ustadh, badala ya kubishana, tupime." Akanifundisha uchambuzi unaoitwa regresheni ya vigezo vingi, kwa kutumia Excel, programu ile ile tunayoandikia michango ya msikiti.

Maana yake si ngumu. Una jambo moja unalotaka kulieleza, kwetu ni alama za mtihani. Una mambo kadhaa unayodhani yanaliathiri: siku za kuhudhuria, umbali wa nyumbani, umri. Ukitazama umbali peke yake, utaulaumu umbali kwa kila kitu. Lakini anayekaa mbali ndiye pia anayekosa siku nyingi. Regresheni huyaweka mambo yote pamoja, kisha huuliza: watoto wawili wakiwa na mahudhurio sawa na umri sawa, je, umbali bado una uzito? Hesabu iliyo ndani yake ni ya zamani. Mfaransa Legendre aliichapisha mwaka 1805.

Kazi yenyewe ni hivi. Kila mtoto ana mstari wake, kila kigezo kina safu yake. Nenda "File", halafu "Options", halafu "Add-ins", bonyeza "Go" na utie alama kwenye "Analysis ToolPak". Hapo kwenye "Data" kitatokea kitufe cha "Data Analysis". Ndani yake chagua "Regression". Safu ya alama iweke kwenye Y, na safu za vigezo ziweke kwenye X. Safu za X lazima zikae pamoja bila kuachana, na zisizidi 16.

Mara ya kwanza ilinikatalia. Kumbe penye umbali wa mtoto mmoja nilikuwa nimeandika "mbali sana", na mashine inataka tarakimu. Mara ya pili nikaweka siku za kuhudhuria pamoja na siku za kukosa. Hilo pia ni kosa, kwa sababu ukijua moja umeshaijua ya pili.

Matokeo yakija, tazama mambo matatu. "Adjusted R Square" inakuonyesha vigezo vyako vinaeleza sehemu gani ya tofauti za alama. Koefisienti ni uzito wa kila kigezo. Thamani ya P ikiwa chini ya 0.05, kwa desturi ya watafiti, uzito huo hauchukuliwi kuwa ni bahati nasibu tu.

Kwetu, mahudhurio yalipoingia, uzito wa umbali ulipungua sana. Lakini kilichonigusa mimi kilikuwa chini zaidi. Ukitia alama kwenye "Residuals", Excel hukupa kwa kila mtoto alama zilizotarajiwa, na tofauti kati ya hizo na alizopata. Chukua mfano: kila mtoto huanzia 20, kila siku ya kuhudhuria huongeza 0.5, na kila kilomita hupunguza 2. Mtoto wa siku 80 anayetoka kilomita 5 anatarajiwa 20 + 40 − 10, yaani 50. Akipata 61, tofauti yake ni +11. Amepita kipimo chake.

Nikashuka na orodha hadi kwenye mstari wa yule kijana wangu. Alama zake zilikuwa chini ya wastani wa darasa, lakini tofauti yake ilikuwa ya kujumlisha, tena miongoni mwa zilizo kubwa. Siku chache alizokuja alizitumia kuliko wengi waliokuja kila siku.

Wallahi niliona haya. Jedwali liliniambia siku alizokosa, halikuniambia kwa nini. Mimi ndiye niliyejaza jibu kwa dhana, nami ndiye ninayewasomesha watoto Suratul Hujurat, aya ya 12, inayotukataza dhana mbaya.

Jumamosi iliyofuata nikamwita, nikamuuliza. Akasema siku za soko humsukumia bibi yake mizigo kwanza, na akichelewa huogopa kuingia darasani.

Nikamwambia mbele ya wenzake: "Mwanangu, nilikukosea. Nisamehe."

Akainama, akasema, "Hakuna neno, Ustadh."

Sasa siku za soko darasa lake linaanza baada ya adhuhuri.

Ndugu zangu, regresheni haithibitishi sababu. Inaonyesha mambo yanayokwenda pamoja, na watoto wakiwa wachache huyumba. Safu ya bibi na mizigo yake haikuwemo katika jedwali langu. Basi mzazi, kabla hujamwita mwanao mvivu, pima. Na ukishapima, muulize.

Wabillahi tawfiq.